Goti la Hana na Kuku wa Sostenes

Tuanze na nguzo, maana bila nguzo hii kuku asingevunjwa mguu na Yotham asingekuwa mwongo uzeeni. Ilikuwa nguzo ya upande wa nyuma wa tembe lake, upande wa ghala, na mchwa walikuwa wameila kuanzia chini mpaka usawa wa kiuno cha mtu. Yotham aliijua. Angekosaje kuijua, naye ndiye fundi aliyekuwa akiitwa kusimamisha matembe kila kijiji upande ule wa Kongwa? Mkewe Hana alimwambia wakati wa kupalilia, akamwambia tena wakati wa kuvuna, na mara ya tatu akamwambia mbele ya wageni ili aone aibu. Mara zote tatu Yotham alijibu kesho. Nyumba za watu alizimaliza kwa wakati, ya kwake ikawa ya kesho. Mafundi ndivyo walivyo, na wake zao wanalijua hilo.

Basi siku moja ya mwezi wa sita Hana alipanda juu ya paa kuanika mtama, kama wanawake wa huko wanavyofanya kila mwaka, kwa kuwa paa la tembe ni la udongo na limelala sawa kama uwanja. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na ushee, mnene kiasi, lakini mwepesi wa miguu kuliko mabinti zake. Nguzo ikaona imechoka. Boriti ikashuka, udongo ukashuka, na Hana akashuka navyo, akatua wima kwa mguu mmoja. Yotham alikuwa uani akinoa shoka. Alisikia kishindo, kisha akamsikia mkewe akimwita kwa sauti ndogo, sauti ambayo hakuwahi kuisikia katika miaka thelathini na moja ya ndoa yao. Kishindo hakikumtisha. Ile sauti ndogo ndiyo iliyomtisha.

Bahati ilikuwepo hata siku ile. Ilikuwa miaka ya ruksa, wafanyabiashara wameshaachiwa kununua nafaka vijijini wenyewe, na Mbaruku, mtu wa Dodoma mjini ambaye babu zake waliingia na misafara ya zamani, alikuwa pale kijijini na lori lake akipakia mtama. Hakungoja kuombwa. Alishusha magunia, akatandika turubai, wakampandisha Hana na godoro lake. Njia nzima hadi hospitali ya misheni Yotham alikaa nyuma, ameupakata ule mguu mapajani ili usirushwe na mashimo, na kila lori lilipodunda alisema pole. Mwishowe Hana akamwambia anyamaze, pole zake zinamchosha kuliko mashimo.

Daktari aliyewapokea aliitwa Fabian, kijana mwembamba aliyekuwa amerudi kutoka masomoni ng'ambo mwaka ule. Alipiga picha, akaiinua dirishani, akawaonyesha. Mfupa chini tu ya goti ulikuwa umesagika kwa ndani, ukaacha pengo la kumeza yai la njiwa. Ukiachwa hivyo, alisema, goti litapinda na mama hatausimamia mguu huu tena maishani. Hana alisikiliza yote, kisha akauliza swali moja tu: ataweza kubana ngoma? Daktari hakuelewa, hakuwa mtu wa Ugogoni. Ikabidi Yotham amweleze kwamba ngoma ya muheme hupigwa na wanawake, na mpigaji huibana katikati ya magoti, na kwamba huyu aliyelala hapa ndiye anayewaongoza wenzake kijiji kizima. Alipokuwa akieleza hayo akajitia kukohoa.

Daktari Fabian alifikiri kidogo, akaenda kabatini, akarudi na kisanduku. Ndani mlikuwa na vipande vyeupe vyenye vitundu vidogo vidogo kila upande, mfano wa sega la nyuki lililokauka. Alisema ni matumbawe, mawe yanayoota baharini, ila yamepikwa na kusafishwa kiwandani mpaka yamekaribia kuwa kitu kimoja na mfupa. Angechonga moja, alitie katika lile pengo, alizuie kwa chuma na skrubu. Yotham akauliza jiwe litageukaje kuwa mfupa. Daktari akamuuliza kazi yake. Aliposikia ni fundi wa matembe, akatabasamu.

"Basi wewe utanielewa kuliko wote," alisema. "Hili jiwe si mfupa. Ni nguzo na fito. Mimi nasimamisha fito tu. Udongo ataukandika mama mwenyewe, mwili wake utaingia katika hivi vitundu na kujaza mfupa taratibu. Wiki kumi na mbili. Akiukanyaga mguu kabla ya hapo, fito zitavunjika udongo ukiwa mbichi. Na ikibomoka, mzee, hatuna jambo la pili la kufanya. Tutakata, tena juu ya goti."

Yotham aliipokea habari hiyo kama mtu aliyepigwa kofi. Ya kukanyaga paa udongo ukiwa mbichi aliijua. Ya nguzo isiyofaa aliijua zaidi. Mbaruku, aliyekuwa bado yupo, alikishika kipande kimoja akakigeuzageuza, akasema kwa ndugu zake kule pwani watu wamejenga nyumba nzima kwa mawe haya. Hana akasema ni vizuri, yeye hajawahi kuiona bahari, sasa atatembea nayo. Walicheka wote pale wodini, na kesho yake akapasuliwa.

Alirudi nyumbani wiki ya pili, mguu umenyooshwa ndani ya plasta. Yotham alikuwa na mabaki ya lile jiwe mfukoni mwa shati, kipande kama ukucha wa kidole gumba alichopewa na daktari. Nguzo ya nyuma alikuwa ameshaing'oa, akasimamisha mpya ya mti mgumu, na paa amelirudishia. Hakumwambia Hana. Angemwambiaje? Angesema, tazama mke wangu, ile kazi ya siku moja nimeifanya sasa baada ya kukuvunja? Alinyamaza, na Hana naye hakuuliza, na kutouliza kwake kulimuuma Yotham kuliko matusi.

Siku hiyohiyo akaja Sostenes.

Huyu Sostenes alikuwa kaka mkubwa wa Hana, na alikuwa muunga mifupa. Si wa kubahatisha. Watu walimletea waliovunjika kutoka Mpwapwa na hata Bahi, na mkono wa kushoto wa Hana, uliovunjika akiwa na miaka tisa alipoangushwa na punda, aliuunga yeye akiwa kijana mbichi. Sasa dada yake amevunjika, na amepelekwa kwa mtu mwingine. Sostenes hakusema neno juu ya hilo. Alisalimia, akauliza habari za mifugo, za mvua, za watoto, akasalimia tena. Yotham alikaa roho juu. Mwishowe mzee akasema mguu ni wa daktari, yeye hataugusa, ila anaomba kuku.

Katika ukoo wao kazi haikamiliki bila kuku. Mtu akiungwa mfupa, kuku naye huvunjwa mguu uleule, akafungwa vijiti na dawa kama mgonjwa. Kuku anakuwa mwenzake. Siku kuku akitembea, mgonjwa hufunguliwa naye asimame. Yotham aliona hakuna ubaya. Huwezi kumnyima shemeji yako mkubwa kuku baada ya kumnyima dada yake. Hospitali imechukua mguu, kaka achukue kuku, kila mtu aridhike. Ndivyo alivyowaza, na hapo ndipo alipokosea. Akaletwa tetea mwekundu, ambaye kwa kweli hakuulizwa maoni yake, akavunjwa, akafungwa, akawekwa katika tenga kule nyuma kwa ghala. Hana akampa jina Mwenzangu.

Kisha akasema maneno yaliyomtoa Yotham jasho. "Daktari amehesabu wiki zake. Mimi nitahesabu kuku. Siku Mwenzangu atakapotembea, na mimi nasimama."

Yotham alimkumbusha zile wiki kumi na mbili. Hana alimjibu kwa upole kabisa kwamba daktari ni mtoto mzuri, Mungu amweke, lakini kaka yake alikuwa anaunga mifupa kabla daktari hajazaliwa, na mkono huu hapa, anatwangia nao mpaka leo. Ungebishana na mkono ule?

Mfupa wa kuku ni mfupa wa kuku. Siku ya ishirini na mbili Yotham alikwenda nyuma asubuhi akakuta tenga limepinduka, vijiti vimelala chini, na Mwenzangu yuko chini ya nguzo mpya anapekua udongo kwa miguu yote miwili, mzima kabisa. Hapo ilikuwa bado wiki saba kutimia hesabu ya daktari. Kutoka ndani sauti ya Hana ikauliza, kama ilivyouliza kila asubuhi, Mwenzangu kaamkaje.

Yotham hakuwa mtu wa uongo. Hata kwenye mahari yake mwenyewe, miaka ile, wajomba walimlaumu kwa kutaja ng'ombe kilema aliyekuwa kwenye kundi. Alisimama pale, akaliona paa lake likianguka mara ya pili. Akamkamata kuku, akamfunga vijiti upya kwa kipande cha kanga, akajibu kwa sauti kavu kwamba bado anachechemea.

Ikawa ndiyo kazi yake. Kila asubuhi alimfungua kuku, akamtazama, akamwomba radhi, akamfunga tena. Alimlisha karanga na makombo ya ugali, akamchotea maji kwa kifuniko cha sufuria, maana kuku yule alikuwa mfungwa wake na alijua hivyo. Chakula cha Hana alikipika mwenyewe siku ambazo binti yao Jenifa hakuweza kuja, akakiunguza. Alimsugua mgongo usichubuke kwa kulala, akamwosha miguu, ule mzima na vidole vya ule wa plasta. Hana alimtania kwamba kama angejua mume hupatikana hivi angeanguka mapema. Yotham alicheka, akaenda kumwaga maji.

Aliyemtia hofu hasa ni Sostenes. Mzee alikuja kila Jumamosi, akakaa kando ya kitanda cha dada yake, akaletewa kuku. Alimpakata, akafumba macho, akaupapasa mguu kwa vidole vyake virefu kuanzia juu hadi kwenye kucha. Jumamosi ya kwanza ya uongo Yotham alisimama mlangoni. Vidole vilizunguka, vikarudi, vikasimama mahali pamoja kwa muda mrefu.

"Bado," Sostenes akasema.

Yotham akashusha pumzi. Alifurahi, na ndani ya furaha akamdharau mzee kidogo: kumbe vidole navyo huzeeka. Sostenes siku ile, kabla ya kuletewa kuku, aliomba aone lile jiwe la hospitali. Yotham akampa kipande cha mfukoni. Mzee alikibonyeza kwa ukucha, ncha yake ikamung'unyika. Alikitazama kwa muda, akakirudisha. Wiki zikaenda hivyo, bado, bado, bado. Yotham hakuwa hodari wa kufunga vitu vidogo, alizoea kamba za kufungia boriti, na mara nyingi vijiti vya kuku vililegea asubuhi. Ajabu ni kwamba kila Jumamosi jioni alivikuta vimekaza barabara. Hakulitilia maanani.

Huku nje maneno yakaanza. Kuku wa Sostenes ana mwezi wa pili hajatembea, mzee ameishiwa. Familia moja ilimchukua mgonjwa wao ikampeleka kwa muunga mifupa mwingine wa vijiji vya jirani. Yotham aliyasikia hayo kilabuni, akaiacha pombe yake nusu, akaenda nyumbani. Angeweza kusema neno moja tu kumsafisha shemeji yake. Hakulisema, kwa sababu neno hilo lingemfikia Hana kabla yeye hajafika mlangoni.

Wiki ya kumi na mbili ilipotimia Mbaruku akaja na lori. Daktari Fabian alipasua plasta, akapiga picha, akaiinua dirishani, akaigeuzageuza mpaka Yotham akataka kumshika shati. Kisha akawaonyesha. Kipande cheupe kilichokuwa na kingo kali katika picha ya kwanza sasa kingo zake zilikuwa zimefifia pande zote, mfupa umeingia. Mama amekandika, alisema daktari, tena amekandika vizuri. Akampa magongo, akamweleza aanze kuukanyaga mguu kidogo kidogo kuanzia leo, maana sasa hatari imegeuka. Goti lililolala wiki hizi zote lisipotumika litakakamaa, na likikakamaa limekakamaa, ngoma ataisikia kwa wenzake.

Hana alimshukuru kwa mikono miwili. Akasema atasimama kuku akitembea.

Daktari alimtazama Yotham. Yotham alitazama sakafu, lakini moyoni alikuwa anacheka. Alijua kuku ni mzima. Walipofika nyumbani alimlaza Hana karibu na mlango, akamleta Mwenzangu, akamfungua mbele yake kwa madaha kama mtu anayefungua zawadi, akamweka chini.

Kuku alipiga hatua moja akaanguka ubavu. Akajiinua, mguu ukabaki umenyooka kama kijiti, akaanguka tena. Wiki saba za kufungwa na kulishwa karanga zilikuwa zimemsahaulisha kutembea.

Hana aliitazama ile kazi yote, kisha akauvuta mguu wake taratibu, akaufunika shuka. Hakulia. Alisema tu, basi. Yotham aliona uso wake ukizimika, na hapo ndipo alipopiga moyo konde akasema yote: kwamba kuku alitembea siku ya ishirini na mbili, kwamba yeye ndiye aliyemfunga, kila asubuhi, kwa mikono yake. Alisema mpaka akaishiwa.

"Baba Jenifa," Hana akamjibu, akampapasa mkono, "hujawahi kunidanganya. Usianze leo kwa ajili ya kumfurahisha daktari."

Mtu afanyeje hapo? Siku moja ikapita, ya pili, ya tano. Magongo yalisimama ukutani karibu na ngoma. Yotham alipojaribu kulikunja goti aliliona limeshaanza kuwa gumu, linakwenda nusu ya lilivyokwenda hospitalini, na Hana anauma meno asipige kelele. Siku ya sita Yotham alikwenda kwa Sostenes kwa miguu, akamkuta uani anachambua mizizi, akapiga magoti. Alikuwa hajawahi kumpigia mtu magoti tangu posa. Alianza kueleza, mzee akamkatiza kwa kuinuka na kuchukua fimbo yake.

Alipoingia kwa dada yake, Sostenes aliagiza kuku aletwe. Hakumpapasa. Alimweka pembeni.

"Mumeo anasema kweli," alisema. "Huyu amepona zamani. Niliugusa mfupa wake Jumamosi ile nilipoomba jiwe la hospitali, ulikuwa umeshika. Nikasema bado."

Hana alimkazia macho.

"Mifupa naijua siku zake, ya mtu na ya kuku," Sostenes akaendelea. "Lile jiwe nililibonyeza likamung'unyika. Siku zake sizijui. Nikaona nimwachie anayezijua. Ningesema kuku amepona, ungesimama siku ileile, nakufahamu tangu unatambaa." Akamgeukia Yotham kwa mara ya kwanza. "Na wewe unafunga vibaya. Kila nilipokuja ilinibidi nikaze."

Yotham alikumbuka yale mafundo ya Jumamosi jioni. Akakumbuka maneno ya kilabuni, na ile familia iliyomwondoa mgonjwa wao, na jinsi mzee alivyopita njiani siku zile watu wakimcheka, naye akisalimia kama kawaida. Machozi yalimtoka waziwazi na hakuyafuta. Akamvutia shemeji yake kigoda.

Hana aliketi vizuri kitandani. Alimtazama kaka yake, akamtazama mumewe, akamtazama na kuku aliyekuwa anajaribu kusimama kule pembeni.

"Wiki saba ulimfunga kuku kila asubuhi," alisema hatimaye.

"Ndiyo."

"Na nguzo ya siku moja ilikushinda."

Yotham aliinamisha kichwa. Alikuwa ameisubiri sentensi hiyo tangu mwezi wa sita, na ilipofika aliona afadhali. "Nimeshaiweka," alisema. "Ile wiki ya kwanza, ukiwa wodini. Sikuthubutu kukwambia."

"Sijaiona."

"Iko nyuma kule."

"Najua iko nyuma. Mimi ndiye niliyeanguka nayo." Akatupa shuka pembeni, akashusha miguu yote miwili chini. "Nishike."

Yotham akamshika kushoto, Sostenes akampa gongo la kulia. Hana akaukanyaga mguu. Uso ukamkunjamana, akapumua kwa nguvu, akangoja. Mguu ukashika. Akapiga hatua, akapumzika, akapiga ya pili. Kutoka kitandani hadi nguzo ya nyuma ni hatua kumi na nne, na walizimaliza kwa muda wa kutosha kuchemsha maharage, Yotham akisema pole na safari hii bila kunyamazishwa. Nyuma yao Mwenzangu naye alijikongoja, akianguka na kuinuka.

Hana aliifikia nguzo, akaliachia gongo, akaikumbatia kwa mkono mmoja. Aliigonga kwa vidole, akaisukuma kwa bega, akatazama juu ilipokutana na boriti, akatazama chini kama kuna dalili ya mchwa. Hapakuwa na mchwa. Ilikuwa nguzo nzuri kuliko zote alizowahi kusimamisha Yotham, na imenyooka sawasawa.

"Imepinda," Hana akasema.

"Imepinda kidogo," Yotham akakubali. "Nitainyoosha leo."